Mikono Mitupu Kati ya Mistari ya Njano

Watu wakigongana uwanjani, macho ya watazamaji yote huenda kwa aliyeanguka. Nani kaumia, nani analia, nani kajaa vumbi hadi masikioni. Huyo ndiye aliyeonewa, kesi imekwisha. Refa Mkono aliwadharau watu wa namna hiyo, tena waziwazi. "Aliyeanguka mwacheni aanguke," alikuwa akisema. "Niambieni mpira ulikuwa wapi."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na aliipata kwa jasho. Softiboli, kwa asiyeijua, ni mchezo wa gongo na mpira. Mpigaji akishaupiga mpira hutupa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo, na walinzi wa timu ya pili huuhangaikia ule mpira ili wamtoe kabla hajafika. Sasa njia ya mkimbiaji ni hiyo hiyo moja, na walinzi nao wamo humo humo, kwa hiyo kugongana hakukosi. Kama mlinzi ameushika mpira anamsubiri mkimbiaji, na mkimbiaji akamvaa wima kama fahali, mkimbiaji ametoka, na akifanya kwa ubaya anafukuzwa kabisa. Lakini kama mlinzi hana mpira, amejisimamia tu njiani akingoja atupiwe, basi huyo ni kizuizi, hata ang'oke meno yote ya mbele.

"Mkono mtupu haulambwi," Refa alimwambia mlinzi wa namna hiyo, na kumpa mkimbiaji kituo chake.

Jina la Mkono lilitokana na ishara yenyewe. Refa akiona kizuizi hasimamishi mchezo papo hapo. Ananyoosha mkono wa kushoto ubavuni, ngumi imefungwa, na kuuacha hapo hapo huku watu wakiendelea kukimbia, kwa sababu mpira bado uko hai. Mchezo ukitulia ndipo anatoa uamuzi. Basi yeye alikuwa akiunyoosha ule mkono mapema kuliko refa yeyote, kabla hata vumbi halijatimka, na hakuwahi kuushusha kwa kelele za mtu. Makocha walimtukana, mama za wachezaji walimwombea upofu, naye amesimama pale kama mti wa kuanikia nguo. Kulikuwa na jambo moja zaidi alilolipenda kupita yote. Timu inayopinga uamuzi husikilizwa kabla mrushaji hajarusha mpira unaofuata. Ukisharushwa, yaliyopita yamepita, hata kama dunia nzima inajua refa amekosea.

Hayo yalikuwa ya Jumamosi. Siku nyingine zote alikuwa mchambuaji wa nguo katika kiwanda cha kufua, kile kinachofulia mahoteli. Meza yake ilikuwa mwishoni mwa ujia mrefu, mashine za kufulia upande huu, mashine za pasi upande ule, na katikati yalipita matoroli ya chuma yenye mashuka mabichi, mazito kama maiti. Sakafuni ilichorwa mistari miwili ya njano. Kati ya mistari ile, mwenye njia ni toroli lenye mzigo. Mtu asiye na mzigo akae nje ya mistari, na akigongwa humo ndani, shauri yake. Hiyo ilikuwa sheria ya kiwanda, imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na Mkono aliipenda kwa sababu ilifanana na ya kwake.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alikuwa mtu wa pasi humo humo kiwandani. Ni Mkono aliyemwombea kazi. Walikuwa wawili wa kuchekesha, mmoja mrefu mwenye hasira za karibu, mwingine mfupi mpole anayetania hata akiwa na homa. Shemeji alibeba begi la vifaa vya refa kila Jumamosi, akakaa benchi la nyuma ya wavu akila karanga, na jioni wakirudi walibishana uamuzi mmoja mmoja. "Wewe shemeji una jicho moja tu," mume wa mdogo wake alimtania, "lile la kutazamia mikono ya watu. La pili ulilitoa mahari?"

Mkono aliuleta mchezo hadi kazini. Matoroli mawili yakigusana, au mtu akipigwa kumbo ujiani, yeye mezani kwake hunyoosha mkono wa kushoto, ngumi imefungwa, na kiwanda kizima kucheka. Kisha hutoa uamuzi. "Wewe ulikuwa na nini mkononi? Huna kitu? Kizuizi. Mpishe mwenzako." Nao hupishana bila ugomvi. Hata meneja alikuwa akitoka ofisini kutazama, akitikisa kichwa kwa kufurahi. Miaka ikapita hivyo, na hakuna mfanyakazi ambaye hakujua ule mkono unasema nini.

Kisha ikaja siku ya ajali. Toroli la kwanza lilipita limejaa, na bunda la mashuka likateleza likadondoka katikati ya ujia. Nguo mbichi sakafuni si mchezo. Ikijinyonga kwenye gurudumu, toroli zima hupinduka. Ndiyo maana meneja mwenyewe alikuwa akipiga kelele kila asubuhi kwamba kilichodondoka kiokotwe na aliye karibu. Aliye karibu alikuwa shemeji. Akaacha mashine yake, akaingia kati ya mistari, akainama. Toroli la pili lilikuja nyuma yake kwa kasi, likisukumwa na mtu mzima aliyekuwa na haraka ya kumaliza zamu, naye alikuwa amerundika mzigo juu hata mbele haoni. Likamzoa shemeji na kumbana ukutani, goti lake likawa baina ya chuma na matofali. Waliosikia mlio wa lile goti hawapendi kuusimulia.

Mkono alikuwa mezani kwake, ameona tangu mwanzo hadi mwisho. Na mkono wake wa kushoto ukanyooka.

Hakuutuma. Ulizoea, ukaenda wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani. Jicho lake lilikuwa limekimbilia kule kule linakokimbilia siku zote, kwenye mikono ya aliyesimama njiani, likaikuta mitupu. Shemeji yake yuko chini anaita mama yake, na yeye kasimama na ngumi imefungwa, anangoja mchezo utulie. Haukuwa muda mrefu. Alishtuka, akaushusha, akaruka meza, akawa wa kwanza kulisukuma lile toroli na wa kwanza kumbeba mgonjwa. Lakini kiwanda kizima kilikuwa kimeshageuka na kuona, na meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake.

Kesho yake asubuhi mdogo wake alimfuata nyumbani kabla hajaenda kazini. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, khanga imekunjamana, macho mekundu. Hakuketi.

"Kaka, wanafanya kikao leo. Wakisema amejitakia mwenyewe, kazi imekwenda, na chumba cha kiwanda tunatoka, na matibabu ni juu yetu. Wewe ndiye uliyeona."

"Najua."

"Alikuwa anaokota shuka."

"Najua alikuwa anaokota."

"Basi kawaambie hivyo."

Mkono alikuwa anafunga vifungo vya shati, na alivifunga vyote kabla hajajibu. "Mimi nitajibu nitakachoulizwa."

Mdogo wake alimtazama kama mtu aliyeuziwa gunzi kwa bei ya hindi. "Kaka, hatupo uwanjani."

Unafikiri hakumpenda mdogo wake? Alimpenda sana. Baba yao alipokufa ni yeye aliyemlea, ni yeye aliyemsuka nywele vibaya mpaka majirani wakamwonea huruma. Ila alikuwa na woga mmoja aliouficha kwenye ule ukali wake. Mpwa wake, binti wa shemeji huyo huyo, alikuwa akicheza ulinzi katika timu ya mtaa, na ligi yao ndogo haikuwa na refa mwingine wa maana. Siku moja alimwamulia kwa haki kabisa, na mtu mmoja benchini akapaza sauti, "Damu nzito kuliko maji!" na watu wakacheka. Mkono hakulala vizuri wiki ile. Tangu hapo alikuwa anaogopa kuambiwa amependelea kuliko alivyoogopa kukosea. Na refa akifika hapo, heri atafute kazi nyingine.

Kikao kilifanyika ofisini kwa meneja, feni ikizunguka juu bila kuleta upepo. Msukuma toroli alikuwepo, kofia mikononi. Meneja hakuwa na maneno mengi.

"Refa, wewe ulikuwa unaona vizuri. Alikuwa ndani ya mistari?"

"Alikuwa ndani."

"Toroli lilikuwa na mzigo?"

"Lilikuwa nao."

"Na yeye? Alikuwa na kitu mkononi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angeweza kusema, alikuwa ameinama anaokota kilichodondoka, kama wewe mwenyewe unavyotuamrisha kila asubuhi. Sentensi moja. Lakini meneja alimtangulia, tena kwa upole. "Maana tulikuona wote. Ulinyoosha mkono. Au mkono wako siku hizi unanyooka tu ovyo?"

Msukuma toroli akainua macho. Mkono akaona, au alidhani ameona, lile neno la benchini likitembea midomoni mwa watu wawili: damu, damu. Akakaza shingo.

"Hakuwa na kitu mkononi," akasema. "Na nilinyoosha."

"Ahsante sana. Ndiyo maana tunakuheshimu."

Shemeji aliachishwa kazi akiwa bado kitandani, mguu umening'inizwa. Goti halikukunjika tena. Walihama kutoka chumba cha kiwanda hadi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya gereji, mahali ambapo mdogo wake Mkono alianza kufulia watu nguo kwa mikono, yeye ambaye mumewe alikuwa akinyoosha mashuka elfu kwa mashine. Mkono alipeleka unga, ukarudishwa. Alipeleka matunda, yakarudishwa na mtoto wa jirani ambaye aliambiwa aseme, "Wamesema hawana mkono wa kupokelea." Huo ulikuwa utani wa shemeji, bila shaka, na ulimchoma kuliko tusi.

Kiwandani nako vicheko vilikwisha. Matoroli yakigusana watu walipishana kimya kimya, wakikwepa kumtazama. Siku moja alijaribu kunyoosha mkono kama zamani, na mama mmoja wa mashine ya kukaushia akasema bila kugeuka, "Ushushe huo, usije ukavunja mtu mwingine goti." Akaushusha.

Kilichobaki kilikuwa Jumamosi. Huko bado alikuwa refa, na tena alizidi kuwa mkali, maana mtu akishapoteza kila kitu kwa ajili ya jambo fulani hulishika hilo jambo kwa meno. Shemeji naye aliendelea kuja, kwa gongo la kutembelea, akakaa benchi lake lile lile nyuma ya wavu. Hakuja kwa ajili ya Mkono. Alikuja kumtazama binti yake. Begi la vifaa sasa Mkono alilibeba mwenyewe.

Basi Jumamosi moja, timu ya mpwa wake ikiwa inalinda, mpigaji aliupiga mpira ukabiringika kwa kasi chini chini kuelekea kwa huyo binti, karibu na kituo cha pili. Binti akauwahi, akainama, glovu chini, tayari kuuokota. Mkimbiaji aliyekuwa anatoka kituo cha kwanza hakupunguza mwendo wala hakukunja kona. Alimvaa binti ubavuni wakati mpira bado haujafika kwenye glovu. Wakaanguka wote wawili, mpira ukapita zake.

Mkono wa kushoto haukunyooka. Refa aliinua mikono yote miwili juu, akaukata mchezo papo hapo, akamwonyesha mkimbiaji kidole. "Umetoka."

Kocha wa upande wa pili alikuja mbio, shati limechomoka. "Ametokaje? Yule alikuwa na mpira? Mikono mitupu, Refa! Mkono mtupu haulambwi, si ndivyo unavyotuimbia siku zote? Nyoosha mkono wako basi!"

"Sikiliza," Mkono akasema, kwa ile sauti yake ya kufundishia. "Mpira wa kutupiwa ni jambo jingine. Hapo ukisimama njiani unausubiri na huna kitu, wewe ni kizuizi. Lakini huu ni mpira uliopigwa. Mlinzi anayeufuata mpira uliopigwa ndiye mwenye njia. Mkimbiaji ndiye anayetakiwa kumzunguka. Mikono yake lazima iwe mitupu, kwa sababu ndiyo kwanza ameinama aokote. Ukimgonga mtu aliyeinama anafanya kazi yake, kosa ni…"

Hakumaliza. Kocha alingoja amalizie, kisha akaona hakuna kinachokuja, akaondoka akinung'unika.

Mpwa wake alikuwa amesimama, anajipangusa vumbi magotini. Alikuwa amesikia yote. Zamani alikuwa akimwita mjomba hata katikati ya mchezo, mpaka inabidi amkemee.

"Refa," akasema taratibu, "na baba alikuwa ameinama kufanya nini?"

Mkono alitazama benchi la nyuma ya wavu. Shemeji alikuwa anatazama kwingine, anachezea ganda la karanga, lakini alikuwa ameacha kutafuna. Sheria ile Mkono aliijua tangu ujana wake. Aliifundisha kwa makocha, aliijibu kwenye mtihani wa marefa bila kukosa. Jicho lake ndilo lililoona mikono mitupu likatosheka, lisiulize mitupu kwa nini. Nyani haoni kundule. Watu wote uwanjani walikuwa wanamngoja, mrushaji ameushika mpira kiunoni.

"Chezeni," akasema, na mrushaji akarusha.

Jumatatu alikwenda ofisini kabla hajavaa aproni. Alisimama mbele ya meza ya meneja akaeleza kila kitu, bunda lililodondoka, amri ya kuokota, toroli lililorundikwa mzigo hadi anayelisukuma haoni mbele. Alisema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. "Nilikosea."

Meneja alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Refa, si wewe uliyetufundisha humu ndani kwamba uamuzi ukishapita umepita?" Akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, akafunga ngumi, akatabasamu. "Siku ile tulikuelewa vizuri sana. Nenda kazini."

Alikwenda kazini. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Alipotoka jioni alipita gerejini, akapenya kati ya magari mabovu na mapipa ya mafuta machafu, akabisha hodi. Walikuwa ndani. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, mguu umelala mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Mdogo wake alikuwa chini sakafuni, anakunja nguo za watu.

"Nimetoka kwa meneja," Mkono akasema, amesimama mlangoni. "Nimemwambia kwamba wewe ndiye uliyekuwa na njia. Ulikuwa unaokota. Nilikosea, shemeji."

Shemeji alimtazama. Uso wake ulikuwa umekonda, ila lile jicho la utani lilikuwa bado lipo.

"Pasi yangu anaishika nani siku hizi?"

"Mkwe wa mtunza stoo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ule ule."

Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama walivyokuwa wakifanya zamani wakirudi kutoka uwanjani, akiwa ameshindwa hoja na amekubali. "Basi mpira umesharushwa, shemeji. Wewe unaijua sheria kuliko mimi." Akamgeukia mkewe. "Kaka yako amekuja. Mpe kiti, umchemshie chai."

Mkono alibaki pale mlangoni. Mdogo wake alichukua shuka la mtu, akalikunja, akalipangusa kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine. Akachukua la pili. Kiti kilikuwa kimoja tu chumbani, na juu yake kulikuwa na nguo, na hakuziondoa.